Kiti cha Mfugaji

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huishia penye kiwele. Humwona akiamka alfajiri, akikata majani, akisafisha banda, akikamua, akibeba mtungi hadi njia panda ambako gari hupita. Kisha humwacha hapo. Mimi nataka, msomaji wangu, tumfuate mtu huyu hatua chache mbele, mpaka mahali anapovua viatu vyake vya mpira, akanawa mikono, akaketi mezani pamoja na wenziwe ili waamue habari za maziwa yasiyokuwa yake peke yake. Kazi hiyo haitoi jasho, wala haionekani kutoka barabarani, na pengine ndiyo sababu haisimuliwi. Lakini bei ya maziwa yaliyomo katika chai yako ya shuleni haikupangwa na ng'ombe.

Fikiri kwanza tabia ya maziwa yenyewe. Mwenye mahindi akitajiwa bei asiyoipenda aweza kufunga ghala lake akangoja mwezi mwingine. Mwenye maziwa hana subira hiyo. Aliyoyakamua asubuhi yataanza kuharibika kabla jua halijafika utosini, na jioni ng'ombe yuleyule atataka kukamuliwa tena, mnunuzi apatikane asipatikane. Muuzaji asiyeweza kungoja ni muuzaji dhaifu, na wanunuzi wote duniani wanalijua jambo hilo. Kwa hiyo wafugaji wa maziwa walilazimika kuungana mapema kuliko wakulima wengi wengine, na walipokwisha kuungana walilazimika kuchagua watu wa kuwasemea. Hapo ndipo taabu ya pili ilipoanza, maana kumchagua msemaji ni rahisi kuliko kujua anamsemea nani.

Wadenmark walilitambua jambo hili zamani. Mwaka 1882, katika kijiji cha Hjedding, wafugaji waliungana wakajenga kiwanda chao wenyewe cha siagi, na mfano wao ukaenea nchini mwao kwa upesi wa ajabu. Vyama vilivyofuata vilisifika kwa kanuni moja fupi: kura zihesabiwe kwa vichwa vya watu, si kwa vichwa vya ng'ombe. Mwenye ng'ombe mmoja na mwenye ng'ombe hamsini walinyosha mkono mmoja kila mtu. Nadhani kanuni hii ni kubwa kuliko mashine yoyote iliyobuniwa kwa ajili ya maziwa.

Wahindi nao walipata somo lao huko Anand, katika nchi ya Gujarati. Mfanyabiashara mmoja alikuwa amepewa peke yake haki ya kukusanya maziwa ya wilaya yao ili yapelekwe Bombay, na yeye ndiye aliyetaja bei. Mwaka 1946 wafugaji walikataa kumuuzia. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wameandikisha muungano wao wa ushirika, chini ya uenyekiti wa Tribhuvandas Patel. Mwaka 1949 alifika kijana mmoja mhandisi, Verghese Kurien, ambaye hakuwa mfugaji. Akakaa nao maisha yake yote, na alipenda kujiita mwajiriwa wa wafugaji. Tazama jinsi walivyopanga mambo yao. Kila kijiji kilikuwa na chama, kila chama kikachagua halmashauri, na wenyeviti wa vijiji ndio waliochagua wakuu wa muungano wa wilaya. Mtaalamu aliheshimiwa na kulipwa, lakini hakuketi katika kiti cha mwenye mali.

Sasa turudi kwetu. Hapa Kenya wafugaji waliketi mezani mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1925 masetla waliunda Kenya Co-operative Creameries, yaani KCC, huko Naivasha. Ushirika huo ulikuwa mali ya wafugaji, na wafugaji ndio walioutawala. Mwaka 1958 Bodi ya Maziwa ya Kenya iliundwa kwa sheria ili isimamie shughuli yote ya maziwa nchini. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba dawa ya taabu za wafugaji ni kuwapa wafugaji madaraka, mjibu kwa upole kwamba walikuwa nayo. Swali ni wafugaji gani.

Mpaka Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulipoanza kutekelezwa, Mwafrika wa nyanda za juu alikuwa na njia chache mno za kupata ng'ombe wa gredi. Alipompata, akapeleka maziwa yake sokoni, alikuta kanuni zimekwisha kuandikwa. Moja ya kanuni hizo ilihusu mgao. Mfugaji aliyeweza kuleta kiasi kilekile cha maziwa mwaka mzima, masika na kiangazi, alipewa mgao wake, na maziwa ya mgao yalilipwa bei ya juu. Aliyeleta mengi wakati wa mvua na machache wakati wa ukame alilipwa bei ya chini.

Usiseme upesi kwamba hiyo ilikuwa kanuni ya kipumbavu. Mji hunywa chai hata wakati wa kiangazi; ni haki anayejitahidi kuleta maziwa majani yanapokauka apewe tuzo. Lakini jiulize ni nani aliyeweza kujitahidi hivyo. Ni mwenye mamia ya eka, mwenye majani yaliyohifadhiwa tangu masika, mwenye maji ya bomba hadi bandani. Mwenye eka tatu na ng'ombe wawili hutegemea mvua, naye hawezi kuiandikia mvua barua. Kanuni haikutaja rangi ya mtu wala ukubwa wa shamba lake. Haikuhitaji kufanya hivyo. Waliokuwa mezani waliandika kanuni iliyofaa mashamba waliyoyajua, na mashamba waliyoyajua yalikuwa yao wenyewe. Sidhani wote walikuwa watu waovu. Baada ya uhuru serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Mwai Kibaki, na taarifa ya tume hiyo ya mwaka 1965 ilipendekeza mgao ufutwe na wafugaji wote walipwe kwa kipimo kimoja. Hatimaye ukafutwa.

Nimeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu niliiona ikirudi kwa macho yangu, imevaa vazi jingine, katika chama kidogo cha ushirika ambacho mama yangu alikuwa mjumbe wa halmashauri yake.

Hapana budi nieleze kwanza jinsi alivyoingia. Mama alikamua ng'ombe wetu tangu sijazaliwa. Yeye ndiye aliyejua ni yupi ana uvimbe wa kiwele kabla karani hajayakataa maziwa. Ndiye aliyebeba mtungi na kungoja gari kwenye umande. Lakini katika daftari la chama lilikuwamo jina la baba, na mwisho wa mwezi karatasi ya malipo ilitoka kwa jina la baba, na siku ya mkutano mkuu baba ndiye aliyekwenda. Alikuwa mtu mwema, tena alizileta fedha nyumbani zote. Sisemi habari ya baba mbaya. Nasema habari ya daftari. Sheria za chama hazikumkataza mwanamke kupiga kura wala kuchaguliwa. Zilimtaka mwanachama, na mwanachama ni yule ambaye jina lake limeandikwa. Kwa njia hiyo ukumbi wa mkutano ulijaa watu waliojadili ukamuaji, ilhali wakamuaji wengi walikuwa nyumbani. Baba alipofariki, namba ikahamishwa, mama akawa mwanachama. Ilimbidi kuwa mjane ndipo apate kura.

Akachaguliwa katika halmashauri mwaka 2008. Huo ulikuwa wakati ambapo watu wa kwetu hawakuwaamini viongozi wa maziwa, wala sikuwalaumu. Mwaka 1992 serikali iliacha kupanga bei, na soko likawa huru. KCC, ambayo kwa jina ilikuwa ya wafugaji wenye hisa lakini uongozi wake ulikuwa umeingiliwa mno na siasa, ililemewa na madeni mpaka ikawa haiwezi kuwalipa wafugaji kwa wakati. Mwaka 2000 iliuzwa, na mwaka 2003 serikali ikairudisha mikononi mwake na kuiita New KCC. Wazee wetu waliokuwa na hisa waliyaona hayo yote kama mtu aonavyo mafuriko akiwa ng'ambo ya mto. Wengi waliapa kwamba hawatatia tena fedha zao mahali wasipoweza kufika kwa miguu. Chama chetu kilikuwa umbali wa kufika kwa miguu. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake kubwa.

Miaka michache baada ya mama kuingia, mnunuzi mmoja alileta pendekezo. Kila mwanachama ambaye angeleta lita thelathini au zaidi kwa siku, mwaka mzima bila kupungua, angelipwa shilingi mbili zaidi kwa kila lita. Wengine wangebaki na bei ya kawaida. Halmashauri ilikuwa na watu tisa. Watano kati yao walifikisha lita hizo. Sina shaka kwamba walikuwa watu waaminifu; mmoja wao ndiye aliyetoa gari lake bure kipindi gari la chama lilipoharibika. Waliona pendekezo ni zuri kwa sababu kwao lilikuwa zuri, na katika mambo ya fedha ni vigumu sana kwa binadamu kuona zaidi ya hapo.

Mama alikuwa akileta lita tisa. Hakupinga. Aliomba tu katibu afungue daftari, asome jumla ya maziwa ya wale walioleta lita thelathini na zaidi, kisha jumla ya wale wengine. Kazi hiyo ilichukua muda wa saa nzima, na wengine walianza kutazama dirishani. Ilipokwisha, ilionekana kwamba zaidi ya nusu ya maziwa katika tangi yalitoka kwa watu wa lita kumi na chini ya kumi. Ndipo akauliza kama mnunuzi anakuja kwa ajili ya mwanachama huyu au yule, au anakuja kwa sababu tangi limejaa. Na kama anakuja kwa sababu tangi limejaa, je, shilingi mbili ni za nani?

Pengine unangoja nikuambie kwamba walimpigia makofi, jambo likaisha. Sivyo. Walibishana katika mikutano mitatu. Mwisho walikubali kumwambia mnunuzi kwamba nyongeza igawanywe kwa kila lita iliyoingia tangini, ya mwenye nyingi na ya mwenye chache. Naye akakubali, ila akaipunguza ikawa senti themanini. Wanachama wawili wakubwa walijitoa chamani wakaenda kumuuzia mtu mwingine. Msimu ule gari likawa halijai, gharama ya usafiri ikawaangukia waliobaki, na makato yakaongezeka kwa shilingi moja. Fanya hesabu mwenyewe: kwa miezi kadhaa mwenye lita tisa alipata pungufu kuliko zamani. Jirani zetu, walewale ambao mama alikuwa amewatetea, walimsimamisha njiani wakamwuliza amewapeleka wapi. Mmoja alimwambia kwamba mwanamke akipewa kiti huvunja nyumba. Aliyasikia yote. Gari lilijaa tena mwaka uliofuata, baada ya wafugaji wa bonde la pili kujiunga, wengi wao wa ng'ombe mmoja mmoja, ambao wasingejiunga kamwe kama kanuni ya lita thelathini ingalipita.

Je, alikuwa na haki? Nimelifikiri jambo hili miaka mingi. Wale wawili waliojitoa walikuwa na hoja: lita thelathini katika safari moja humpunguzia karani kazi, na mwenye kupunguza gharama hustahili kitu. Mimi naona mama alikuwa na haki, lakini naona pia kwamba haki yake iligharimu, na waliolipa gharama hiyo kwanza walikuwa watu maskini. Kiongozi asiyefanya hesabu hiyo kabla ya kusema ni hatari hata akisema kweli. Yeye aliifanya, nilikuta karatasi yake baadaye, imeandikwa kwa penseli nyuma ya kalenda.

Tena kuna jambo ambalo mfugaji aliye kitini hulijua bila kufundishwa, na mtaalamu hulijua kwa shida. Maziwa ya asubuhi huenda chamani, na malipo yake huja mwisho wa mwezi. Maziwa ya jioni huuzwa kwa jirani au kwa kijana wa baiskeli, na malipo yake huja papo hapo. Fedha ya mwezi hulipa karo yako wewe msomaji. Fedha ya jioni hununua sukari, chumvi, sabuni na dawa ya kikohozi. Nyumba ya mfugaji mdogo husimama juu ya miguu hiyo miwili.

Mwaka 2019 yalitolewa mapendekezo ya kanuni mpya za maziwa ambazo, pamoja na mambo mengine, zingewabana sana wauzaji wa maziwa mabichi. Waliozitunga hawakukosa sababu. Maziwa mabichi yaweza kuleta kifua kikuu na homa ya kutupa mimba ya ng'ombe, ambayo humpata binadamu pia, na katika vyombo vya njiani mna uchafu na mna maji yaliyoongezwa. Kwa chama cha ushirika, tena, ilikuwa faida tupu: kijana wa baiskeli akiondoka, maziwa ya jioni yangekuja tangini. Viongozi wengine wa ushirika walisema waziwazi kwamba zipite. Mama, ambaye kwa kiti chake alipaswa kufurahi, alikwenda kwenye mkutano wa kutoa maoni akasema kwamba watu wa kwetu huchemsha maziwa kabla ya kuyanywa, na kwamba serikali ikitaka maziwa safi imfundishe yule kijana na kumpatia chombo cha chuma chenye kifuniko badala ya kumfukuza. Kisha akasema lile la sukari na chumvi. Wizara iliyaondoa mapendekezo yale baada ya malalamiko kutoka pande nyingi za nchi. Sauti yake ilikuwa moja kati ya maelfu, nami sitaki kuitukuza kupita kiasi. Jambo linalonishangaza ni jingine: alikisemea kitu ambacho kingepunguza maziwa ya chama chake mwenyewe. Nilimwuliza sababu. Akanijibu kwamba alikuwa na ng'ombe kabla hajawa na kiti.

Ukitaka kujua kama mfugaji aliye madarakani bado ni mfugaji, usimsikilize hotuba yake. Tazama kama jina lake lingali katika daftari la asubuhi, na lita ngapi. Nimewaona wengine ambao baada ya mwaka mmoja wa posho za mikutano waliwauza ng'ombe wao, wakabaki na suti na maneno ya zamani juu ya taabu za mfugaji. Waliendelea kusema „sisi wafugaji” kama mtu asemavyo habari za kijiji alichohama. Hao hawaibi kitu, na ukaguzi hauwezi kuwashika. Lakini bei ikishuka shilingi tatu hawaamki usiku.

Na hapa nikusemeshe wewe hasa, kijana uliye shuleni. Yamkini nyumbani kwenu kuna ng'ombe, na yamkini umeapa kwamba elimu itakuondoa katika harufu ya banda. Nami niliapa hivyo. Sikukatazi kwenda mbali. Lakini siku hizi kilimo kimegatuliwa kwa kaunti kwa Katiba ya mwaka 2010, na sheria haiwezi kupitishwa bila wananchi kuulizwa maoni yao. Watu huulizwa kwa karatasi ndefu zilizoandikwa kwa lugha ya mahakama, na kupewa siku chache za kujibu. Wakati ule katika halmashauri ya mama hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeweza kuisoma karatasi ya namna hiyo hadi mwisho na kuwaeleza wenziwe ukurasa wa ishirini unasema nini kuhusu ukurasa wa tatu. Walimtafuta mwalimu mstaafu, wakamlipa kwa maziwa.

Mama alipomaliza vipindi vyake hakugombea tena. Aliyechukua kiti chake ni kijana wa lita nne, ambaye jina lake na la mkewe yote mawili yameandikwa daftarini, maana jambo hilo lilikubaliwa katika mkutano mkuu wa mwisho kabla mama hajaondoka, kwa tofauti ya kura kumi na moja. Makabidhiano yalikuwa mafupi. Alimpa faili, kalamu, na hesabu ya usafiri ya miezi mitatu iliyopita. Kisha akamwambia kwamba liko neno moja alilolidai miaka yote asilipate: mikutano ya halmashauri huitwa saa tisa alasiri, hukawia hadi saa kumi na moja, na saa kumi ni wakati wa kukamua, kwa hiyo anayekamua kwa mikono yake hulazimika kuchagua kati ya ng'ombe na mkutano. Nasikia siku hizi mikutano huanza saa tatu asubuhi, gari la maziwa likisha kupita.